Anza na Ukurasa wa Tisa

"Ile dawa ya kikohozi mnayompa mtoto, chupa yake ina namba gani?"

Jirani yangu msusi aliniuliza hivyo asubuhi moja tukianika nguo. Sikujua. Nikamwita mkwe wangu, mke wa mwanangu. Akatoka na mtoto mgongoni, simu mkononi.

"Ngoja kidogo, shangazi. Yule mwimbaji kaachana na mumewe. Redio zote zinasema."

"Watapona bila sisi," msusi akajibu. "Niletee chupa."

Siku ya pili hiyo mjukuu wangu anatapika na kusinzia ovyo. Sisi tulidhani ni meno. Msusi akaigeuza chupa, akasoma namba iliyoandikwa chini. Kisha akachomoa gazeti kwapani. Ukurasa wa mbele wote ulikuwa wa mwimbaji, anavua pete. Ukurasa wa tisa, pembeni, kulikuwa na maandishi madogo kama sisimizi: dawa yenye namba hii isitumike, irudishwe kliniki.

Namba ilikuwa ileile.

Mkwe wangu akakaa chini palepale. "Gazeti hili jana nimelishika kwa mikono yangu."

"Uliishia wapi?"

"Kwenye pete."

Msusi hakumcheka. "Wauza habari wanajua tunachopenda, mwanangu. Staa anauza gazeti. Tangazo la dawa haliuzi, ndiyo maana linasukumwa kona. Wapende mastaa wako, hakuna anayekukataza. Ila anza na matangazo. Na hiyo dawa usiimwage. Ichukue pamoja na mtoto, muuguzi aione."

Tulikwenda mbio. Muuguzi alimpima mtoto, akamlaza siku mbili, akasema tumewahi. Leo mjukuu wangu anakimbiza kuku. Namshukuru Mungu, na yule aliyemtuma kwetu.

Mwanamke yule anasuka tangu asubuhi mpaka vidole vinakakamaa, lakini gazeti halimpiti bila kulisoma kona zote. Saluni yake ina sheria moja: habari za mastaa hazifunguliwi mpaka matangazo yasomwe kwa sauti. Wateja wanamwita Mwalimu Mkuu. Yeye anacheka tu, mkono hausimami.

Siku hizi msomaji wa saluni ni mkwe wangu. Ijumaa iliyopita alisimama katikati na gazeti lake. Fundi cherehani mmoja, kichwa kimesukwa upande mmoja tu, akaguna.

"We binti, tupe harusi ya mwigizaji. Hayo matangazo yako yananitia usingizi."

"Harusi ina zamu yake, mama." Akasoma polepole. "Shule ya ufundi ya wasichana. Fomu zipelekwe ofisi ya elimu. Mwisho leo, saa tisa alasiri."

"Leo?"

"Leo. Soma mwenyewe."

Fundi akalichukua gazeti, akasoma kwa kidole, neno kwa neno. Sote tulijua fomu ya binti yake imejazwa, imelala kwenye droo ya cherehani, inangoja tarehe itangazwe. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika kumi.

Msusi akaziachia nywele.

Fundi akafunga kitambaa juu ya kichwa chake kilichosukwa nusu, akabeba mkoba, akakimbilia kwenye droo yake.