Sauti ya Mkutubi

Mvua ya siku hiyo ilijaza maktaba kuliko vitabu vilivyowahi kuijaza. Watu walisimama kati ya rafu wakikung'uta miavuli na kujifanya wanachagua vitabu. Fundi cherehani mmoja alipenya katikati yao hadi kwenye meza ya huduma, gauni lake la bluu limemkaa sawasawa kwa kuwa alilishona mwenyewe, utepe wa kupimia umesahaulika shingoni.

Yeye hakuja kukimbia mvua. Kikundi cha maigizo kilikuwa kimempa kazi ya kushona nguo za mchezo kuhusu ukumbi wa dansi wa zamani, enzi za suruali za bugaluu, zile zilizobana mapajani na kufagia sakafu. Akikosea, wazee waliozivaa wangemcheka.

"Nimetafuta kwenye faharasa, chini ya 'Mitindo', sijapata kitu," alimwambia mkutubi wa magazeti ya zamani.

Mkutubi alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe, pasi imepita upande mmoja tu. Aliinama. "Tafuta kwenye 'Maadili'," alinong'ona.

"Maadili?"

"Enzi zile hawakuandika kuisifu sketi fupi, dada. Waliandika kuilaani. Ila waliilaani pamoja na picha."

Fundi aliangua kicheko, vichwa vikageuka. Mkutubi akaweka kidole mdomoni, lakini mabega yake mwenyewe yalikuwa yanatikisika.

Ikawa kila akipata nafasi anakuja. Mkutubi alimtolea majalada mazito ya magazeti, akamfundisha kuanzia kwenye matangazo. "Habari zinakwambia watu walitakiwa waweje," alisema. "Matangazo yanakwambia walinunua nini." Wakainamia pamoja kioo cha kukuzia, wakihesabu vifungo vya wacheza dansi na kubishana kama kisigino kile kinene cha viatu vya raizoni kilikuwa cha mbao. Haikuchukua muda "dada" ikawa "fundi wangu", na yeye akampachika jina la Bwana Taratibu.

Wote wawili walikuwa wapweke, tusifichane. Mkutubi alipika chakula cha mtu mmoja, kikabaki, akakila tena asubuhi. Fundi alikuwa amemzika mama yake, akabaki na vyumba viwili na sanamu ya kuvalishia nguo, ambayo jioni aliisalimia kabisa.

Siku moja simu ya fundi iliita, karakana yake ya ushonaji ikiwa imechachamaa, cherehani zote zinaunguruma. Fundi aliibana begani huku akiendelea kushona.

"Fundi wangu," mkutubi alinong'ona kutoka nyuma ya rafu. Kazi ilikuwa imemla sauti, hata sokoni watu walimwitikia "eh?" "Nimefikiri sana. Nataka nikuoe."

"Jamani, Bwana Taratibu, na kazi yote hii? Labda mwezi ujao nikipumua."

"Mwezi ujao?"

"Kwani haraka ya nini? Si unaniona kila mara hapo maktaba? Hiyo haitoshi?"

"Inatosha," alisema mkutubi, akakata.

Fundi alipokwenda tena maktaba, majalada yalikuwa tayari mezani. "Magazeti yako haya, dada," alisema mkutubi, akarudi zake ndani. Dada! Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Alisubiri lirekebishwe, halikurekebishwa. Akamaliza utafiti wake mapema, akaacha kwenda.

Mchezo ulipendwa. Wazee walisimama kuzishangilia zile bugaluu, mmoja akalia waziwazi. Fundi alirudi nyumbani amejaa furaha, akafungua mlango, akakuta hana wa kumhadithia. Alitafuta namba ya mkutubi, akaitazama, akaweka simu kifudifudi kitandani. Hapo ndipo alipojua kwamba amempenda yule mtu, na kwamba hajui amemkosea nini.

Baada ya muda akaja mteja mmoja karakanani, mama mnene mwenye miwani, na gauni lisilo na kasoro yoyote.

"Unataka nilipunguze wapi, mama?"

"Usilipunguze popote. Mimi ni dada yake mkutubi. Nimekuja kumwona mwanamke ninayeambiwa alimkataa ndugu yangu. Nilikuwa nimeshaanza kukuita wifi!"

"Nimemkataa lini?"

"Mtu anakutamkia ndoa, unamjibu labda mwezi ujao ukipumua?"

Mkasi ulimponyoka fundi. Alirudia yale maneno ya kwenye simu polepole, akiyaonja mdomoni. "Nikuone," alisema. "Mimi nilisikia nikuone!"

"Mungu wangu," alisema mama. "Na ile sauti yake ya mgonjwa!"

Fundi hakungoja hata avue aproni, akakimbilia maktaba. Chumba cha kusomea kilikuwa kimejaa wanafunzi wa mitihani. Mkutubi alimwona akija, akajishughulisha na rundo la magazeti.

"Siku ile kwenye simu," fundi alisema, "ulisema unataka nini?"

"Yamepita, dada."

"Usiniite dada. Mimi nilisikia unataka kuniona. Kuniona tu, kama kawaida. Ndiyo maana nikasema ungoje."

Mkutubi aliyaweka magazeti chini. Midomo yake ilisogea.

"Eh?" alisema fundi.

Ikasogea tena. Hakuna kilichotoka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Basi fundi akavuta pumzi. "Nioe!" alipaza sauti. "Mwezi huu huu!"

Chumba kizima kiliinua vichwa. Kijana mmoja kwenye meza ya dirishani alifunga kitabu chake kwa uchovu.

"Muoe, bwana," alisema, "sisi tusome."