Kitabu cha Mtumbwi Ambacho Madina Hakukisoma

Kila Jumamosi, jua likishakausha umande, Madina binti Jafari alioga, akala kipande cha kwanga ya mihogo na sombe ya kisamvu iliyobaki jana, kisha akakata njia ya nyuma ya nyumba kwenda kwa Tonton Lambert, mjomba wa mtaa mzima. Wote wawili walikaa Tshopo, upande wa kaskazini wa Kisangani, mji ambao mwaka ule wa 1964 makaratasi yalikuwa bado yanauita Stanleyville. Shule zilikuwa zimefungwa tangu waasi walipouteka mji. Ndipo Tonton Lambert, aliyewahi kuwa karani wa ghala la meli, alipowakusanya watoto wanne wa mtaa na kuwafungulia kasha lake la vitabu.

"Bon, vizuri," aliwaambia siku ya kwanza. "Walimu wenu wamejificha, lakini vitabu vyangu viko hapa. Tutasoma."

Kwa kuwa kila kitabu kilikuwa kimoja tu, kilitembea nyumba kwa nyumba, kimefungwa kitambaa na kuwekwa chini ya mboga kwenye kikapu, ili asikione mtu wa njiani. Msomaji wa kwanza alikuwa na kazi maalumu. Jumamosi alisimama mbele ya wenzake akasema kitabu kinahusu nini na yeye amekionaje, ili wengine wakitamani. Kazi hiyo waliiita kufungua mlango.

Madina alipenda vitabu kama mtu anavyopenda samaki wa kukaanga wa jirani: alinusa, akapita. Alisoma ukurasa wa kwanza, akatazama picha, akachungulia wa mwisho, basi. Maoni, hata hivyo, hakuwahi kukosa. Kuhusu kitabu cha reli alisema, "Moshi mwingi, watu wachache." Kuhusu cha daktari wa msituni alisema, "Mgonjwa amechelewa mno kupona. Mimi ningemponya mapema, tukale." Wenzake walicheka hadi wakashika matumbo, na hata Tonton Lambert alificha tabasamu.

Évariste peke yake hakucheka. Huyo alisoma kila neno, hata jina la mpiga chapa, na maoni yake yalikuwa marefu kama foleni ya chumvi.

Kicheko chenyewe kilikuwa kitu adimu siku hizo. Hofu ilikuwa imehamia Tshopo na kujipangia chumba. Majogoo, walisema watu, waliwika kwa kunong'ona, na mbwa mmoja wa huko kwenye bwawa la umeme alibweka mara moja tu, kisha akatazama huku na huku kama anayeomba radhi. Waliokuwa makarani walitupa kalamu zao. Tonton Lambert alizika miwani yake ndani ya mkebe wa karanga, kwa maana mwenye miwani alihesabiwa kuwa msomi, na wasomi walikuwa wakichukuliwa. Baadhi yao hawakurudi.

Jumamosi moja ilikuwa zamu ya Madina kufungua mlango. Kitabu alikuwa nacho tangu Jumatano, lakini Jumatano alicheza kamba, Alhamisi akacheza kamba, na Ijumaa alimsaidia mama yake kutwanga mihogo mpaka akalala na mchi mkononi. Alichokijua ni jalada tu: mtumbwi mrefu umejaa wanaume waliosimama.

Siku hiyo Tonton Lambert alikuwa na homa, amelala chumba cha ndani. Watoto walikaa peke yao kwenye baraza ya nyuma.

"Alors, Madina," alisema Évariste. "Fungua mlango."

Madina alitazama lile jalada. Akamwona Évariste amekunja mikono, tayari kumkamata. Akawaona Germaine na Sefu, mdogo kuliko wote, wamekaza macho, wanangoja kuchekeshwa. Mchekesho haukuja. Kilichomjia ni kile kilichokuwa kichwani mwa kila mtu mjini.

"Kitabu hiki ni cha hatari," alisema kwa sauti ya chini. "Askari wa serikali wanapanda mto kwa mtumbwi. Wamejifunika majani ya migomba. Wanakuja kuwatoa waasi. Kitabu kinaeleza kila kitu, wapite wapi, washuke wapi."

Sefu alisogea mpaka magoti yake yakagusana na ya Germaine. "Wanashinda?"

"Soma mwenyewe, utaona."

"Kina kurasa ngapi?" aliuliza Évariste.

"Nyingi."

"Ngapi?"

"Weye unasoma vitabu ao unavihesabu?"

Wakacheka, na Évariste akaacha kuuliza. Madina alikiacha kitabu mezani kwa Tonton Lambert, Évariste aje kukichukua Jumatatu, akaenda zake akijiona ameshinda.

Sefu alikuwa na mdomo usiofungika. Jioni hiyo alisimulia bombani. Jumapili habari ilifika sokoni, ikiwa imenenepa njiani: Lambert ana kitabu cha jeshi. Jumatatu asubuhi gari la waasi lilisimama mbele ya nyumba yake. Lilipoondoka, Tonton Lambert alikuwa akitembezwa nyuma yake, pekupeku, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, na kijana mmoja ameshika kitabu mbali na mwili wake kana kwamba kingeweza kulipuka.

Madina aliona yote akiwa nyuma ya ua. Aliingia ndani akakaa chini ya meza ya kukatia nguo ya baba yake, alipozoea kujificha alipokuwa mdogo.

"Wanasema mutoto mumoja alikisoma kile kitabu," mama yake, Mama Asha, alimwambia mumewe huku akifunga mlango. "Mungu amfiche huyo mutoto. Wakimupata, wataenda na nyumba yote."

Papa Jafari alikuwa fundi wa nguo, na waasi walimlazimisha kuwashonea suruali. Alikuwa akikanyaga cherehani. Mara akahisi mkono umeshika kisigino chake.

"Papa," Madina alisema kutoka chini ya meza. "Ni mimi. Na sikukisoma."

Cherehani ikanyamaza. "Haukusoma nini?"

"Kitabu. Niliona mtumbwi tu. Mambo ya askari nimeyatunga."

"Uliyatunga juu ya nini?"

"Ili Évariste asinishinde."

Mama Asha alikaa chini kwenye mkeka. "Basi nyamaza, mama," alisema taratibu. "Nyamaza kabisa. Lambert ni mutu muzima, atajitetea."

"Atajitetea nini, na wao watasema anadanganya?" Papa Jafari aliuliza. Alitazama rundo la suruali zilizokamilika, kisha akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Madina angependa baba yake apige kelele. Hakupiga. "Mimi leo ninapeleka hizi suruali kwa Komanda, mkubwa wa waasi. Sitakulazimisha. Ila ukibaki hapa chini ya meza, Lambert hatarudi, na hilo utalijua maisha yako yote."

Madina alitoka chini ya meza.

Waasi walikaa kwenye ghala la zamani la pamba. Njiani kulikuwa na vizuizi vya magogo, na kila kizuizi kilikuwa na vijana wenye majani vichwani na mikuki mikononi. Papa Jafari aliinua rundo la suruali juu, wakapita. Mkono wa Madina ulikuwa umelowa jasho ndani ya mkono wa baba yake, na hakujua jasho lile ni la nani.

Komanda alikuwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinatafuta mahali pa kuota. Alikaa juu ya gunia, bunduki mapajani, kitabu miguuni pake. Pembeni, ukutani, waliketi wafungwa wawili: Tonton Lambert, na karani mwingine ambaye Madina hakumjua, mwenye jicho lililovimba.

"Fundi, huyu ni nani?"

"Binti yangu. Ndiye mutoto wa kitabu."

Vijana wote waligeuka. Madina alihisi ulimi wake umekuwa kitu cha mtu mwingine.

"Sema," alisema Komanda. "Askari watashukia wapi?"

"Sijui. Sikukisoma, Papa Komanda. Nilidanganya."

"Sasa ndiyo unadanganya. Wamekutuma umuokoe."

"Hapana. Hata nikikisoma sasa, ndiyo mara ya kwanza."

Komanda alimtazama. Kifaransa cha kitabu kile hakukijua, na kila mtu mle ndani alijua kwamba hakijui, wala hakuna aliyethubutu kuonyesha kwamba anajua. Hatimaye alitabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Madina kuliko bunduki. Aliamuru Tonton Lambert atolewe nje, mbali, asisikie kitu. Kisha akafungua kitabu katikati kwa kidole chake.

"Soma hapa. Useme kwa Swahili. Halafu nitamuleta muzee, asome hapa hapa. Mukipishana, munabaki wote wawili."

Madina alipiga magoti, akaanza. Alisoma polepole kuliko alivyowahi kusoma, neno baada ya neno. Kulikuwa na mwanamke mjane. Wanawe walikuwa wameuza mtumbwi wa marehemu baba yao bila kumwambia. Mama aliwafukuza ukingoni mwa mto akiwa na mwiko. Kijana mmoja wa Komanda alicheka, akajizuia. Asubuhi iliyofuata mama akachukua... Madina akasimama.

"Akachukua nini?"

Neno lile hakulijua. Kitu chochote kingefaa pale: kisu, jembe, kikapu. Vilimjia vyote, vimejipanga kinywani kama zamani, tayari kutoka.

"Sijui neno hili," alisema.

"Sema tu."

"Sijui, Papa Komanda."

Walimpeleka nje, baba yake akabaki ndani, wakamwingiza Tonton Lambert. Madina alisimama kwenye jua kali akisikiliza kupitia ukuta wa mabati. Ndipo alipokumbuka miwani iliyokuwa ndani ya mkebe wa karanga. Tonton Lambert angesoma kwa macho gani?

Kisha ikasikika sauti ya mzee, ikikwama, ikirudi nyuma, ikisonga. Alikuwa, Papa Jafari alisimulia baadaye, amemwomba kijana mmoja ashike kitabu kule mlangoni, kwenye mwanga, na yeye mwenyewe amerudi nyuma kama anayepiga picha, kwa kuwa ya mbali aliyaona. Mjane. Wana. Mtumbwi. Mwiko.

"Akachukua nini?" aliuliza Komanda.

"Mtego wa samaki. Ule mkubwa wa kusuka, kama wa wavuvi Wagenia."

"Mama yangu iko wa Yanonge, kule kwa wavuvi," alisema Komanda. "Mutego ninaujua." Kisha akaongeza, "Mutoto alisema hajui. Mutu wa uongo hakosi neno. Kwenda, muzee. Kitabu kinabaki."

Hakuna aliyeshukuru kwa sauti, wasije wakamkumbusha kubadili mawazo. Walipotoka, Madina alimwona kupitia mlango yule karani mwingine bado ameketi ukutani, akiwafuata kwa jicho lake moja. Hakuna mtoto aliyekuja kwa ajili yake.

Walitembea mpaka walipovuka kizuizi cha mwisho. Nyayo za Tonton Lambert zilikuwa zimechubuka, akaegemea bega la Papa Jafari.

"Tonton," Madina alisema, na machozi yakamtoka yote kwa pamoja. "Unisamehe."

"Nimekusamehe tangu ulipoingia ule mlango," alisema Tonton Lambert. "Lakini sikiliza, mama. Unafikiri maoni ni mchezo wako na Évariste. Neno likishatoka kwako ni la kila mtu. Sefu alilibeba, soko likalibeba, na mimi nikafungwa kamba kwa ajili yake. Kama kitabu hukukisoma, sema hukukisoma. Watakucheka kidogo. Hakuna mtu atakayefungwa kwa kicheko hicho."

"Ndiyo, Tonton."

Wakaenda hatua kadhaa. "Na hiki ulichokisoma leo," aliuliza mzee, "umekionaje?"

Madina alijifuta pua. "Nimesoma ukurasa mmoja tu, na neno moja sikulijua. Ukurasa huo, yule mama amenifurahisha. Mengine sijui."

"Bon," alisema Tonton Lambert, akauma meno kwa maumivu ya miguu. "Leo ndiyo mara ya kwanza umenipa maoni yako."