Mzigo wa Shangazi Tabu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni visigino vya mdogo wangu. Kila jioni Sabra alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akatia miguu kwenye beseni la maji ya moto, akaisugua kwa jiwe. Visigino vya mtaa wetu wa Ruhuwiko, vilivyozoea udongo mwekundu, vikaanza kung'aa kama vya bibi harusi.

"Unaolewa?" nilimwuliza.

"Naenda Marekani, Dada. Viza imetoka."

Alisema hivyo bila kuniangalia. Nikasema alhamdulillahi. Kisha nikaenda kuchochea moto, ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Sabra ni mwalimu wa shule ya msingi. Rafiki yake Mmarekani, Karol, aliwahi kufundisha naye hapa Songea. Sasa Karol amemwalika akae kwake wiki tatu wakati wa likizo ya Juni. Mimi ni Shakila. Nakaanga vitumbua na kuuza barazani. Niliacha shule darasa la tano, baba alipougua. Mama alihitaji mtu wa kumsaidia, na mimi ndiye mkubwa.

Tangu siku ile, nyumbani kwetu hapakuwa na habari nyingine. Marekani kwenye chai, Marekani kwenye ugali. Mama alisahau kuninunulia unga wa mchele, lakini hakusahau kwenda mnadani kumnunulia Sabra koti zito la mtumba. Wateja wangu walikula vitumbua vyangu huku wakiuliza habari za Sabra. "Dada wa mwalimu," waliniita. Zamani waliniita Shakila.

Safari ilipokaribia, Shangazi Tabu alikuja kutoka Tunduru. Shangazi ni dada wa marehemu baba. Mwanawe Iddi ameishi Marekani kwa miaka mingi sasa. Shangazi alishuka na mzigo uliofungwa kwenye kitambaa cheupe, umeshonwa kwa uzi mweusi pande zote.

"Huu ni wa Iddi," alimwambia Sabra. "Nimeushona mwenyewe, nimeusomea dua. Mkabidhi mkononi mwake."

Iddi alikuwa amekubali kuja kwa Karol kuuchukua. Kwetu mzigo ulioshonwa na mzazi haufunguliwi njiani. Anaufungua anayepelekewa. Kwa anayeubeba, hata kuuliza kilichomo ni kukosa adabu.

Alasiri hiyo jirani yetu alipiga hodi. Jina lake Getruda, lakini mtaani tunamwita Mama Rupert. Amekwenda Marekani mara mbili kumtembelea mwanawe Rupert. Alikuja kumuaga Sabra, akalikuta sanduku liko wazi ukumbini.

"Shikamoo, Mama Rupert."

"Marahaba, wanangu. Hee! Hili koti la nani?"

"La Sabra," alisema mama. "Kule si kuna barafu?"

Mama Rupert alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama Shakila, Juni sisi hapa tunatetemeka, kule kwa Karol ni joto! Akivaa koti hili watu watampisha njia. Beba sweta jepesi tu, Sabra. Madukani na kwenye mabasi wanaweka baridi ya mashine."

Nililitoa koti sandukuni mimi mwenyewe. Nikalivaa. Lilinikaa vizuri.

"Na bima ya safari umekata?" Mama Rupert aliuliza.

"Bado."

"Kata. Kule hospitali ni ghali sana, hata kwa wenyewe. Dawa zako zibaki kwenye pakiti zake, na cheti cha daktari. Usizimwage kwenye mfuko wa rambo."

"Na dukani?"

"Bei iliyoandikwa siyo yote. Kodi inaongezwa ukifika kulipa, usije ukadhani wanakuibia. Ukila hotelini, mhudumu anaachiwa kitu juu ya bei. Ndiyo desturi yao. Na mtu akikwambia kuna kazi ndogo ndogo, kataa. Viza yako ni ya matembezi."

Sabra aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Mimi nilikuwa mlangoni na koti langu. Nilisikiliza kila neno, ingawa hakuna aliyekuwa ananiambia mimi.

Kisha Mama Rupert akauona ule mzigo mweupe. Akaacha kucheka.

"Huu una nini?"

"Ni wa binamu yangu," alisema Sabra.

"Nimeuliza una nini."

Sabra alimtazama Shangazi. Shangazi alitazama ukuta.

"Sikilizeni," alisema Mama Rupert. "Safari yangu ya kwanza nilibeba nyama kavu ya Rupert. Nikaificha ndani ya kitenge. Kule uwanja wa ndege wakaniuliza, una chakula chochote? Nikasema sina. Basi akaja mbwa mdogo, masikio marefu, mpole kabisa. Akanusa sanduku langu, akakaa chini mbele yake. Hakubweka wala nini. Amekaa tu, ananitazama kama mgeni anayesubiri chai!"

Mama alicheka. Shangazi hakucheka.

"Nyama wakaitupa, faini nikalipa, na ndege ya kuunganisha ikaniacha. Nililala kwenye kiti. Nilishukuru hawakunirudisha. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni, Sabra. Anayekufungulia mlango ni afisa wa pale uwanjani. Akiona umemdanganya, anaweza kukurudisha Songea."

"Kwa hiyo chakula hakiruhusiwi?" Sabra aliuliza.

"Kipo kinachoruhusiwa. Korosho zilizokaangwa, majani ya chai, huwa wanaruhusu. Nyama, matunda mabichi, mbegu, hapana. Wanaogopa magonjwa ya mifugo na mimea. Lakini kubwa ni hili: ukiulizwa, sema ndiyo, ninacho. Waonyeshe. Ukisema, hata kama hakiruhusiwi wanakichukua tu, yameisha. Kosa ni kuficha. Na usibebe kamwe mzigo usioujua. Mle ndani kikikutwa chochote, ni chako."

"Unasema mimi nimeweka kitu kibaya?" Shangazi alisimama. "Wallahi, mimi ni mama mtu mzima!"

"Sijasema hivyo, Mama Iddi. Nasema mfungue."

"Haufunguliwi! Ukishafunguliwa, ni mzigo gani tena? Sabra, kama unaona mzigo wangu mzito, sema. Nitarudi nao Tunduru."

Alikwenda kukaa barazani, akajifunika khanga. Mama Rupert akaaga kwa huzuni. Mama akamfuata Shangazi kumbembeleza.

Sabra alinifuata jikoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nitauchukua tu, Dada. Siwezi kumrudisha shangazi yangu na mzigo. Wakiniuliza nitasema sina chakula."

"Hujamsikia Mama Rupert?"

"Nimemsikia. Huenda mimi wasinione."

Nilimwona kichwani mwangu. Nilimwona akirudi, ameinamisha kichwa, na sanduku lake na visigino vyake. Nikaona wateja wakikaa tena barazani kwangu, wakiniita Shakila. Lilikuwa wazo tamu. Nililiacha likae kidogo.

Halafu Sabra akafuta machozi kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, na kamasi akapaka shavuni. Mtu mzima, mwalimu, anakwenda Marekani na kamasi shavuni.

Mimi sisemi mbele ya wakubwa. Nikiongea mbele ya watu sauti inakwama. Lakini nilikwenda barazani, nikapiga magoti mbele ya Shangazi.

"Shangazi, mzigo ni wa nani?"

"Wa Iddi. Umesahau?"

"Basi tumpigie Iddi kwa simu ya picha. Mwenyewe akisema ufunguliwe, si amefungua yeye? Na wewe uliyeshona ndiye ufumue. Hakuna mkono mwingine utakaogusa."

Shangazi aliteremsha khanga yake.

"Huyu naye kumbe anaongea," alimwambia mama.

Sabra akapiga. Iddi akatokea kwenye kioo, amevaa kofia ya kazini.

"Mama! Shikamoo!"

"Marahaba. Iddi, hawa wananiambia niufungue mzigo wako."

"Fungua, Mama! Fungua sasa hivi nione. Umeniwekea nini?"

Shangazi alichukua wembe, akafumua mshono mmoja mmoja, simu ikiwa imeegemea kikombe. Zikatoka korosho mbichi na maganda yake. Ikatoka nyama kavu. Zikatoka mbegu za maboga na mizizi ya dawa ya tumbo.

"Mama," alisema Iddi, "hiyo nyama ingemfanya mtoto wa watu arudishwe."

"Nilijua umekonda."

"Mimi? Hebu nione!" Iddi akarudisha simu nyuma tukaona kitambi chake. Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi. "Nitumie korosho tu, zilizokaangwa. Harufu yake inanitosha."

Nyama tulipika siku ile ile, na Mama Rupert tukamwita. Mbegu Shangazi alirudi nazo, na mizizi yake. Korosho nilizikaanga mimi uani, kwenye bati lililotobolewa. Mafuta ya maganda yaliruka yakaniunguza mikono. Nikazibangua, nikaziweka kwenye mfuko safi unaoonekana ndani. Sabra alikata bima. Anwani na namba ya simu ya Karol aliviweka pamoja na tiketi ya kurudi, karibu na pasi yake.

Alisafiri. Nyumba ikawa kimya. Siku simu ilipoita, mama aliikimbilia, akaipokea.

"Nimefika!" Sabra alikuwa amevaa gauni la mikono mifupi, nyuma yake jua kali. "Mama, wameniuliza! Una chakula? Nikasema ndiyo, nina korosho za kukaanga. Afisa akafungua, akatazama, akasema karibu, pita. Na yule mbwa nimemwona! Alinipita tu. Iddi naye amekuja, korosho amezimaliza nusu hapa hapa."

Mama alilia kwa furaha. Mimi nilifurahi pia. Wivu haukuondoka. Ulikaa pale pale, ubavuni mwa furaha.

Mama aliagiza viatu. Jirani mmoja aliagiza manukato. Kisha mama akaniwekea simu mkononi.

"Dada, na wewe nikuletee nini?"

"Sitaki kitu cha dukani."

"Sema, Dada. Chochote."

Mama alikuwa ananitazama. Sauti ilikwama, kama kawaida yake. Nikaisukuma.

"Ukirudi, nipeleke kwenye masomo ya watu wazima, nimalize darasa la saba. Sabra, siku ile uliyokwenda shule na sare yangu, mama akaikunja mikono ikutoshe, mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilitaka kukuvua. Mpaka leo nataka kwenda shule."