Sauti Kwenye Mianzi ya Rungwe

Haya yalimkuta rafiki yangu Prisca, na Prisca si mwoga. Alijitolea kuhesabu kima aina ya kipunji katika msitu wa Rungwe, akiongozwa na mzee Ambwene wa kijiji cha Kinyala.

“Mwanangu,” mzee alimwonya, “humu tunaitana kwa mluzi. Jina la mtu halitajwi.”

Mchana mmoja ukungu ulishuka, kukawa giza kwenye mianzi, wakapotezana. Prisca alipiga mluzi mpaka midomo ikakauka. Kimya. Hofu ikamzidi, akapaza sauti: “Baba Ambwene!”

“Nipo hapa,” sauti ya mzee ikajibu kutoka mbele.

Aliifuata sauti mbiombio. Ghafla mkono ukamshika kwa nyuma, ukamziba mdomo. Alikuwa mzee Ambwene.

Mbele yao vijiti vilivunjika taratibu, mlio ukiwasogelea. Kisha sauti ya Prisca mwenyewe ikaita kutoka ukunguni: “Baba Ambwene!”