Funguo za Mlango wa Jirani

Kila Jumamosi kazi ya Kiherehere ilikuwa ileile: kumwamkia shangazi, kufagia karakana ya kompyuta, kisha kupuliza vumbi kwenye mashine mpaka apige chafya kama injini mbovu. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilichuma mwenyewe.

Jumamosi hii kompyuta kuukuu ya darasa lao ilikuwa mezani. Mwalimu angeifuata saa sita, na isipowaka, Jumatatu darasa lisingeshiriki mashindano ya kompyuta.

Wiki nzima shangazi alikuwa amemfundisha kujenga kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo, pamoja na initrd, kifurushi kidogo kinachobeba funguo za kufungulia diski mashine inapoamka.

"Mara ya kwanza jenga kwa mkono, kwenye mashine hiyohiyo ya darasa lenu," shangazi alisema, "na kila hatua uiandike daftarini. Ukishaelewa, tumia skripti yangu, lile faili la amri. Hiyo hufanya yote yenyewe."

Kwa mkono! Kwenye mashine inayotambaa kama konokono mwenye mafua! Ijumaa, shangazi alipokwenda kwa mteja, Kiherehere aliendesha skripti kwenye kompyuta mpya ya shangazi. Akahamishia matokeo kwenye ile kuukuu, akafuta kerneli ya zamani, kisha akajaza daftari hatua nzuri ambazo hakuzifanya.

Sasa aliiwasha. Kioo kikaandika: diski haionekani.

Akazima, akawasha. Haionekani. Akabadilisha waya. Haionekani. Akarudia skripti kwenye kompyuta mpya, akahamisha tena. Haionekani ng'o!

"Una nini wewe debe?" akaikaripia. Saa tano ilishapita, na machozi yalikuwa yanabisha hodi.

Shangazi akaja mezani, akalichukua daftari. "Umeandika hapa kwamba ulikagua kidhibiti cha diski, kile kifaa kinachoiunganisha na mashine. Ni cha aina gani?"

Kiherehere akaizima mashine.

"Shangazi... sikukagua. Niliendesha skripti kwenye kompyuta yako."

"Ahaa! Basi skripti haina kosa, mwanangu. Ilikagua nyumba ilimokuwa, yaani kompyuta yangu, ikafungasha funguo za mlango ule. Wewe umezipeleka kwenye mlango wa jirani, halafu unagombana na kitasa!"

Shangazi akaiwasha mashine kwa flashi yenye mfumo mwingine, akasogeza kiti. "Haya, kaa. Mkono ni wako."

Kiherehere akaanza. Akatafuta jina la kidhibiti, akaliandika, akatia kiendeshi chake, yaani programu ya kukiendesha, kwenye kifurushi. Akaruka herufi moja, kikakataa. Akasonya, akarudia. Mwalimu alikuwa ameshasimama mlangoni akitazama saa yake Kiherehere alipobonyeza kitufe.

Kioo kikawa cheusi. Kikakaa. Kisha mistari ikamiminika, na picha ya darasa lao ikatokea.

"Hongereni! Nani ameitengeneza?" mwalimu akauliza.

"Mimi, mwalimu," akajibu Kiherehere. "Lakini aliyeiharibu pia ni mimi."

Mwalimu akacheka. Shangazi hakucheka. Alimrudishia daftari.

"Skripti humwokolea muda anayeijua kazi. Haimfichi asiyeijua. Na daftari linalodanganya ni baya kuliko mashine isiyowaka, kwa sababu mashine isiyowaka angalau inakwambia."

Kiherehere akaukata kwa mstari mrefu ukurasa wa Ijumaa. Kwenye ukurasa mpya akaandika: *Hatua ya kwanza: hakikisha uko kwenye mashine gani.*