Mwezi Mmoja Pugu

"Upumzike na nani?"

Marijani aliitupa barua sakafuni. Mkewe, Mwanakombo, akaiokota kwa mikono yenye sabuni. Yeye ndiye aliyemwomba karani Audax amwandikie ombi kwa chama cha hisani cha mjini.

"Hebu isome tena, kwa sauti," Marijani akamwamuru.

"'Chama kimekubali kulipia mwezi mmoja wa mapumziko ya mgonjwa katika nyumba yetu ya Pugu, ili mkewe anayemuuguza naye apate kupumzika.'"

"Miaka miwili niko kitandani, leo ndo umenichoka. Huyo Audax kakuahidi nini?"

"Kaniandikia barua tu, mume wangu."

"Mwongo!"

Tangu mzigo wa bandarini umwangukie Marijani kiunoni mwaka hamsini na moja, Mwanakombo ndiye aliyemwogesha, akamgeuza, akamlisha. Temeke nzima ilimsifu kwa uvumilivu, na sifa hizo zilimlemea.

"Jumatano uliniita nikuletee maji," alisema taratibu.

"Ulikuwa kisimani."

"Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikusikia. Uliniita mara sita."

Marijani akamkodolea macho.

"Mbona hukuja?"

"Niliogopa nikiingia nitakupiga."

Marijani akajifunika shuka gubigubi. Gari la chama lilipokuja Jumamosi, alibebwa bila kumuaga mkewe.

Mwanakombo alilala siku mbili, akiamka kula na kuswali tu. Siku ya tatu alilia. Majirani walewale waliomsifu wakaanza kunong'ona kwamba kamtupa mume ili apate nafasi. Jumapili akapanda gari moshi hadi Pugu. Marijani akageuzia uso ukutani mpaka mkewe akaondoka.

Siku ya Jumatano ikaja barua, mwandiko wa muuguzi:

"Mke wangu Mwanakombo. Hapa wananigeuza watu wanne kwa zamu, na zamu ikiisha wanakwenda kwao. Wewe ulikuwa peke yako, na hukuwa na pa kwenda. Nisamehe kwa lile neno nililokwambia juu ya Audax. Jumapili njoo."

Jumapili Mwanakombo alimkuta barazani, kwenye kiti, amenyoa ndevu. Akachutama haraka kumfunika miguu. Marijani akamshika mkono.

"Acha, mama. Wapo wa kufanya hayo. Kaa unipe habari za nyumbani."

"Wananisema, Marijani."

"Nikirudi nitawajibu mie."

"Ukirudi nitachoka tena."

"Najua. Siku hiyo uniambie. Tutamwita dada yangu akupokee, hata nikiona aibu."

Mwanakombo akavuta kigoda, akakaa karibu naye, mikono mapajani.