Kuku Mzee Naye Hutaga

Danson alikutwa asubuhi mlangoni pa chumba chake cha kupanga, Garsen, amelala kifudifudi, kisogo kimebonyea. Shati lake lilikuwa jeupe pe. Inspekta Komora aliliangalia akaona hicho ndicho kitu pekee safi alichowahi kuwa nacho marehemu.

Mji mzima ulijua kazi yake. Alitafuta wasichana vijijini, akawapeleka hospitali moja ya mbali wakatolewe mayai ya uzazi, wapewe wanawake waliochelewa kuzaa. Komora, mtu wa kusali asubuhi na jioni, aliwahi kukamata wezi wa ng'ombe akawaheshimu kidogo. Huyu, hapana.

"Kitu kizito, cha mviringo," alisema Konstebo Fahad akipima jeraha. "Kama mchi."

"Humu ndani kuna kinu?"

"Hata sufuria hakuna, afande. Alikuwa mtu wa kula hotelini."

"Basi mchi ulikuja na mgeni."

Simu ya marehemu ilionyesha watu wawili wa mwisho kuongea naye: Dinah, mkulima wa Tarasaa, na Mwalimu Charity wa Ngao. Mfukoni mwake mlikuwa na kitambulisho cha msichana aitwaye Josephine, aliyezaliwa mwaka 2001.

Dinah aliletwa kituoni.

"Josephine ni nani?"

"Mtoto wa dada yangu, afande. Tumefanana."

"Ulikwenda hospitali ukajiita Josephine?"

Dinah aliinama. "Danson alisema hawataki mtu aliyepita thelathini. Alisema uso wangu haujachoka."

"Una miaka mingapi?"

"Sijui sawasawa. Maji ya El Nino yalipoingia kwetu nilikuwa darasa la tano. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni."

Hakuna mtu wa Tana asiyeujua mwaka ule wa 1997. Komora akapiga hesabu. Dinah alikuwa anagonga arobaini.

Akaipigia hospitali. Daktari alijibu kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Kwa msichana wa miaka ishirini na nne tulitarajia mayai kumi na zaidi. Tulipata matatu. Umri wa mwenye yai ndio unaoamua, inspekta. Mpokeaji, kama huyo Mwalimu Charity, hata akiwa mtu mzima anaweza kulea mimba. Lakini yai likishachoka hushika kwa nadra, na likishika, mara nyingi mimba hutoka."

"Na hamkushangaa?"

"Kitambulisho kilisema ishirini na nne."

"Mkasoma kadi, mtu mkamwacha," Komora akasema, akakata simu.

Akamrudia Dinah. "Habari hii ya mafuriko umemwambia nani mwingine?"

"Kanisa zima. Jumapili nilialikwa Ngao nikatoa ushuhuda, jinsi Mungu alivyonivusha."

"Mwalimu Charity alikuwepo?"

"Benchi la mbele. Wenzake walisema amina. Yeye alitoka nje."

"Alijua ni wewe uliyempa yai?"

"Tulikutana hospitali. Alinishika mkono akaniita mwanangu."

Uani kwa Mwalimu Charity kinu kilisimama peke yake.

"Mchi uko wapi, Mwalimu?"

"Umevunjika."

"Juu ya nini?"

Charity aliketi kizingitini. Alipoanza kusema hakutazama mtu.

"Mimba ilishika, afande. Mwezi wa tatu ikatoka. Nikadhani ni dhambi zangu. Nilifunga, niliomba, nilitubu hata nisiyoyatenda. Kumbe Mungu hakuwa na neno nami. Ni yule."

"Ukaenda kwake na mchi."

"Nikijidanganya ni wa kumtisha. Nilimuuliza mbona kanifanyia hivi. Akacheka. Akasema, 'Mwalimu, kwani kuku mzee hatagi?' Kisha akanipa kisogo, afungue mlango wake kama mtu aliyemaliza mazungumzo." Akafuta mikono kwenye leso. "Mchi niliutupa mtoni."

Fahad akamfunga pingu. Walipofika kwenye gari Charity alisimama.

"Afande, hospitali wamebaki na kiinitete kimoja, kimehifadhiwa kwenye baridi. Waambie wasikitupe."

"Kimetokana na yai la nani?"

"La Dinah."

"La Dinah huyu huyu, unayejua umri wake?"

"Huyu huyu," akasema. "Sina kingine."

Komora alitafuta dharau aliyoamka nayo. Ilikuwepo bado, nzima, lakini yote ilikuwa ya yule wa shati jeupe. Akatoa simu, akaitafuta namba ya daktari.